Ndago moja, majina manne: ufuate orodha ipi?

“Shikamoo mwalimu. Nimeshasafisha majina yote.”

Ujumbe uliingia saa tatu usiku, faili la Excel likiufuata. Aliyeutuma ni binti wa Moshi anayechunguza mimea ya jamii ya ndago, kuanzia majaruba ya mpunga ya Lower Moshi kule Chekereni hadi kwenye vihamba vya Kibosho. Wiki moja kabla nilikuwa nimemwambia kwenye simu, harakaharaka, kwamba siku hizi jenasi (makundi ya spishi za karibu) za Kyllinga na Pycreus zimeingizwa ndani ya jenasi ya Cyperus. Akanisikiliza vizuri kuliko nilivyotaka. Alifungua kile kidirisha cha kutafuta na kubadilisha, juu akaandika Kyllinga, chini Cyperus, akabonyeza mara moja. Majina yote yakageuka.

Mstari wa 14 ulisomeka Cyperus odorata, ambalo kwa sarufi ya Kilatini huandikwa Cyperus odoratus.

Na mmea wenye jina hilo upo kweli. Linnaeus aliutaja mwaka 1753. Ni ndago ndefu ya sehemu za majimaji, yenye matawi yanayochanua juu kama mwavuli. Huu wa binti yule ulikuwa mfupi, wa kando ya njia, wenye kichwa kidogo cheupe mfano wa kifungo cha shati, na ukiusugua unanukia. Huo ni Kyllinga odorata Vahl (neno la mwisho ni mtunzi wa jina). Ulipohamishiwa Cyperus ulikuta jina odoratus lina mwenyewe, na kanuni za majina ya mimea haziruhusu spishi mbili za jenasi moja kuitwa jina moja. Aliyetangulia ndiye mwenye haki. Mgeni akaingia kwa jina jingine kabisa: Cyperus sesquiflorus (Torr.) Mattf. & Kük. Kitufe cha kubadilisha kingelijuaje hilo?

Nikamjibu marahaba, kisha nikampigia. Swali alilonirudishia ndilo linaloulizwa na kila anayeorodhesha mimea huku kwetu: kati ya vitabu na tovuti zote hizi, nifuate ipi?

Kipimo cha kwanza ni mwaka

Familia ya ndago, Cyperaceae, ina spishi kama 5,500. Mpangilio mpya uliotolewa mwaka 2021 unazigawa katika jenasi 95. Kilichovuruga orodha zetu ni uchunguzi wa vinasaba, ulioonyesha kwamba Kyllinga, Pycreus, Ascolepis, Lipocarpha na wenzao wamechipuka kutoka ndani ya Cyperus yenyewe. Ni sawa na ukoo unaowahesabu wajukuu wote wa babu, halafu wajukuu wa mtoto wa tatu unawaita ukoo mwingine kwa sababu tu pua zao ni tofauti. Mwaka 2014 Kyllinga, Pycreus na Ascolepis zikarudishwa rasmi nyumbani, na Lipocarpha vilevile. Mwaka 2015 ikawa zamu ya Carex, iliyomeza Kobresia, Uncinia na Schoenoxiphium.

Basi kabla hujaisifia orodha yoyote ya ndago, uliza ilitoka lini. Kipimo hicho peke yake kinaiondoa The Plant List, orodha ya mimea ya mtandaoni ambayo bado naikuta imetajwa kwenye tasnifu na ripoti. Toleo lake la mwisho ni la 2013. Haikukosea kwa wakati wake. Imeganda tu, na iliganda mwaka mmoja kabla ya mabadiliko yanayotuhusu.

IPNI na POWO: daftari la kizazi na kitambulisho

Watu huzichanganya tovuti hizi mbili za majina ya mimea kwa kuwa zote zina mkono wa bustani ya Kew, Uingereza. Kazi zake hazifanani. IPNI ni daftari la vizazi. Inakuambia jina fulani lilichapishwa na nani, wapi, ukurasa wa ngapi, na linaandikwaje. Mizizi yake inafika kwenye ile faharasa ya majina iliyoanzishwa kwa fedha alizoacha Charles Darwin. Lakini daftari la vizazi halikuambii mtu anaishi wapi sasa.

Chukua mmea mmoja mdogo wa mchanga mkavu, wenye majani kama nywele, wa aina unayoweza kuikanyaga uwanda wa Sanya bila kuiona. Ukiutafuta humo utakuta Scirpus hispidulus Vahl, Fimbristylis hispidula (Vahl) Kunth, Bulbostylis hispidula (Vahl) R.W.Haines na Abildgaardia hispidula (Vahl) Lye. Majina manne, yote yamezaliwa kihalali, mmea mmoja. Kinachonichekesha ni kwamba Haines na Lye ndio walioandika pamoja kitabu cha ndago za Afrika Mashariki kilichotoka 1983, na bado kila mmoja ana jina lake kwa mmea huu. Ukiitegemea IPNI ikuchagulie, utakesha.

POWO ndiyo inayochagua. Andika lolote kati ya majina hayo manne, itakupeleka kwenye Bulbostylis hispidula, na mengine yatakaa chini yake kama visawe. Zaidi ya hapo inavitenga visawe katika mafungu mawili, na hapo ndipo wengi hupita bila kusimama. Fungu la kwanza ni visawe vinavyosimama juu ya sampuli ileile ya awali, kama haya manne: hayo hayana ubishi, ni mtu yuleyule aliyehama nyumba. Fungu la pili ni visawe vyenye sampuli tofauti, ambavyo mtaalamu fulani ameona ni spishi moja. Hayo ni maoni. Maoni mazuri, ya mtu aliyekaa na mamia ya sampuli, lakini kesho mwingine anaweza kuyatengua. Kama sampuli yako ya Kilimanjaro inaangukia fungu la pili, usilifute jina la zamani hata kidogo.

Mabano nayo yasome. Cyperus kerstenii Boeckeler ni jina la kumkumbuka Otto Kersten, aliyepanda Kilimanjaro pamoja na von der Decken mwaka 1862. Clarke aliuhamishia Mariscus, ukawa Mariscus kerstenii (Boeckeler) C.B.Clarke: aliyetangulia akaingia kwenye mabano, aliyeuhamisha akabaki nje. Ukiurudisha Cyperus, mabano yanaondoka na Clarke anaondoka nayo. Mara nyingi nagundua orodha iliyobadilishwa kwa mkono kwa kuona Cyperus kerstenii (Boeckeler) C.B.Clarke. Jina la namna hiyo halijawahi kuzaliwa. Na kwa taarifa yako, Boeckeler alikuwa mfamasia, na Kükenthal, yule “Kük.” anayejirudia kila mahali, alikuwa mchungaji wa Kilutheri. Ndago zimewapata watu wa kila namna.

World Flora Online: nani anataka namba ya toleo?

Kwa ndago, World Flora Online, orodha nyingine ya mtandaoni ya mimea ya dunia, na POWO zinakubaliana kwa sehemu kubwa, hivyo usipoteze usiku mzima ukizishindanisha. Tofauti ya maana iko kwenye namna ya kuzinukuu. POWO ni mto: unabadilika ukiwa umelala. Ulichokisoma Machi huenda Agosti kikawa kimesogea, na ukurasa hautakuambia jana ulisemaje. World Flora Online hutoa picha iliyoganda mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba, na kila jina lina namba yake isiyobadilika. Mtu anayeandika tasnifu itakayosomwa na msimamizi mwaka ujao, au kamati inayotaka kurudia hesabu zako, atakushukuru kwa kuandika “toleo la Desemba la mwaka fulani”.

POWO nayo ina ndugu yake wa kupakua, WCVP, yenye matoleo ya namba. Nitaifikia, maana ina mtego wake.

Kitabu cha 2010 bado kinashinda mahali pamoja

Flora of Tropical East Africa ilianza kutoka 1952 ikakamilika 2012, na sehemu yake ya Cyperaceae ni ya 2010. Humo Kyllinga na Pycreus bado ni jenasi zinazojitegemea. Kwa jina la kuandika kwenye ripoti ya leo, kimepitwa. Mimi hata hivyo ndicho ninachokifungua kwanza, kabla ya tovuti yoyote.

Sababu ni kwamba tovuti inajibu swali la jina, wakati swali la kwanza ni la mmea. Kitabu kina ufunguo wa kutambulisha: hesabu matawi ya stigma, ile ncha ya sehemu ya kike ya ua, ni mawili au matatu? Kijimbegu kimebanwa ubavu au mgongo? Vimasuke vinadondoka vizima au magamba yanapukutika moja moja? Hakuna POWO itakayokushika mkono namna hiyo. Tena kitabu kinagawa Tanzania kwa kanda, na sisi wa Arusha na Moshi tuko T2. Ukisoma “T2, 3, 6, 7” unajua mmea umeshakusanywa kaskazini, Tanga, mashariki na nyanda za juu kusini. POWO itakuambia “Tanzania” basi, kana kwamba Mafia na kilele cha Meru ni uwanja mmoja.

Kwa hiyo natambulisha kwa kitabu, halafu jina nililolipata nalipeleka POWO kama lilivyo, pamoja na mtunzi wake, nione limehamia wapi. Ascolepis capensis ya kitabuni, kwa mfano, inatoka upande wa pili ikiwa Cyperus ascocapensis Bauters. Jina hilo huwezi kulikisia, maana Cyperus capensis ilikuwa na mwenyewe tayari.

Geneva, kwa kifupi

Hifadhidata ya mimea ya Afrika inayotunzwa na bustani ya Geneva pamoja na taasisi ya bioanuwai ya Afrika Kusini naitumia kama mzee wa pembeni. Inaangalia Afrika tu, na inakuonyesha ni maandishi gani yaliyofuatwa kufikia uamuzi. Ikikubaliana na POWO, naendelea na kazi. Zikigongana, najua hapo pana mjadala wa kweli, na naandika majina yote mawili. Siifanyi kuwa uti wa mgongo wa orodha, lakini sijawahi kujuta kuifungua.

GBIF: mpe kazi ya karani

Ukiwa na daftari la zamani lenye “Kylinga” na “Cyperus rotondus”, GBIF, hifadhidata ya kimataifa ya kumbukumbu za viumbe, inasaidia sana. Inapokea orodha nzima, inasahihisha herufi, na kila jina inalipa alama: limeoana sawasawa, limeoana kwa kukisia, au limeishia kwenye jenasi. Soma safu hiyo ya alama. Tafadhali isome. Nimeona ripoti ambayo spishi sita tofauti zilirudi zote zikiwa “Cyperus” tupu, kwa sababu mashine ilishindwa kuzitambua ikapanda ngazi moja juu, na mwandishi akaziunganisha kuwa mstari mmoja. Mashine haikumficha kitu. Alama ilikuwepo pale pale.

Katika kuamua jina linalokubalika, simwachii karani huyu. Uti wake wa majina umeunganishwa na kompyuta kutoka orodha nyingi, na ndago ni familia ambayo orodha mbili nzuri zinaweza kuishi pande mbili za mwaka 2014.

Majina 20 au majina 2,000?

Kwa majina ishirini, keti na POWO uyaandike moja moja. Nusu siku inatosha, na utajifunza kitu. Kwa majina elfu mbili hapo ndipo WCVP inaingia, na ndipo ulipo ule mtego. Faili lake la majina linatenganisha safu kwa mstari wima badala ya koma, kwa hiyo ukilibofya tu, Excel inakurundikia kila kitu kwenye safu moja. Hilo utaliona na kulirekebisha. Usiloliona ni hili: orodha hiyo ina majina zaidi ya milioni 1.3, na karatasi ya Excel inaishia mstari wa 1,048,576. Vilivyozidi havipakiwi. Onyo linatokea mara moja, unabonyeza sawa kama tunavyobonyeza maonyo yote, na tangu hapo unatafuta mmea ambao haumo, ukidhani Kew wameusahau.

Anayeijua R, lugha ya kompyuta ya kuchambua data, asiguse Excel kabisa. Humo kuna vifurushi vya kazi hii: ipo rWCVP kwa ajili ya orodha ya Kew, na ipo WorldFlora, iliyoandikwa na Roeland Kindt wa Nairobi, inayolinganisha majina yako na World Flora Online bila intaneti ukishapakua data. Kwetu hiyo si anasa. Umeme ukikatika Ngaramtoni, laptopu yenye chaji inaendelea kufanya kazi. Asiyeijua R atumie OpenRefine, programu ya kusafisha data, ambayo inaweza kuuliza majina Kew na kukuletea mapendekezo uyakubali au uyakatae moja moja. Mimi naipenda zaidi kwa wanafunzi, kwa sababu inawalazimisha kutazama.

Msomaji wako ni nani

Kuna jambo ambalo orodha haziwezi kukuamulia. Miaka michache iliyopita niliandaa orodha ya mimea ya chemchemi moja kwa ajili ya mradi wa maji. Nikaandika Cyperus nitidus Lam., jina lililo sahihi. Ofisi moja ikanirudishia ripoti ikiwa na wino mwekundu: spishi hii haimo kwenye orodha ya awali, na Pycreus nitidus iliyokuwemo imetoweka, eleza imetowekaje. Nilikasirika siku nzima. Kisha nikakubali kwamba mpitiaji alikuwa anafanya kazi yake. Mimi ndiye niliyemnyima daraja kati ya jina la zamani na jipya. Mmea haukuwa umetoweka popote, ulikuwa umelowa palepale kwenye chemchemi.

Tangu siku hiyo jedwali langu lina safu nne ambazo sizipunguzi: jina kama lilivyoandikwa kwenye lebo ya sampuli, hata kama limekosewa, mtunzi wa jina hilo, jina linalokubalika, na orodha niliyoifuata pamoja na toleo au tarehe. Kwa ripoti za serikali naweka World Flora Online kwenye safu ya mwisho, kwa sababu ya lile toleo lenye namba. Kwa makala za kisayansi, WCVP. Kwa wakulima na mabwana shamba siwapelekei lolote kati ya hayo. Naandika ndago na picha, na jina la Kilatini moja linalofahamika kwenye miongozo yao.

Na hapo kwenye miongozo ndipo binti wa Moshi alipokwama mara ya pili. Katika majaruba alikusanya ndago ndogo yenye vichwa vya mviringo vya kahawia, vingi kama punje za ulezi. Mwongozo wa magugu ya mpunga ulimwambia ni Fimbristylis miliacea. POWO ikamwambia jina hilo limekataliwa rasmi, na mmea ambao wengi waliuita hivyo ni Fimbristylis littoralis Gaudich. Akaniuliza kwa nini asibadilishe tu, kwani si kisawe?

Si kisawe cha kawaida. Jina la Linnaeus lilikuwa limefungwa kwenye mmea mmoja, watu wakalitumia kwa mwingine kwa miaka mingi, mpaka ikaonekana heri litupwe kuliko kulihamisha. Kwa hiyo mtu aliyeandika F. miliacea huenda alikuwa ameshika littoralis, na huenda alikuwa ameshika F. quinquangularis. Orodha zote nilizozitaja zinakwambia jina. Hakuna hata moja iliyoona alichong’oa mtu huyo.

Alikuja Arusha na sampuli zake zimebanwa katikati ya magazeti, tukaenda nazo hebaria ya taifa, hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Nikamwonyesha pa kutazama: kwenye shina chini kabisa, majani ya littoralis yamebanwa ubavu na kupangana kama kipepeo cha kupepea moto. Akaweka lenzi, akainama, akakaa kimya muda mrefu.

“Mwalimu, nilizikata kwa mundu.”

Sampuli kumi na moja, zote zimeanzia katikati ya shina. Tuliandika “Fimbristylis sp.” kwenye lebo zote, na Jumamosi akarudi Chekereni na jembe.